Stoo ilijaa, mbegu zikakataa kumea: kisa cha benki ya mbegu ya kikundi kimoja Nairobi

Naandika hii kwa wale wako kwa kikundi, chama, shule ama kanisa na wanafikiria kuanzisha benki ya mbegu za kienyeji, manake nimeona nyingi zikianzishwa kwa moyo mzuri sana halafu baada ya miaka miwili mitatu zinabaki kabati ya kuonyesha wageni. Jina la kikundi, mtaa na watu nimetoa, na mambo madogo madogo yenye yangewatambulisha nimebadilisha. Mambo ya mbegu yenyewe nimeyaacha vile yalikuwa.

Kikundi na mazingira yake

Kikundi kiko mashariki ya Nairobi, zile sehemu bado unapata ploti ya hamsini kwa mia na udongo ni ule mweusi unapasuka kiangazi na kunata kwa gambuti mvua ikinyesha. Wanachama wengi ni wamama, kuna vijana kadhaa, na kuna shosho mmoja ambaye nitamrudia. Kitu kizuri cha Nairobi ni kwamba watu wametoka kila mahali, na kila Disemba wakirudi kutoka ushago hawarudi mikono mitupu. Huyu analeta saga (mgagani) ya Kisii, yule mrenda wa Vihiga, mwingine njahi (maharagwe meusi) za Murang'a, mwingine kunde za Kitui, mwingine mahindi ya rangi rangi ya nyanya yake. Kwa hiyo mtaa mmoja wa Nairobi unaweza kuwa na aina nyingi za mbegu kuliko kijiji kizima, na hii watu wengi hawaioni.

Wazo la benki lilianza 2019. Sababu ya kwanza ilikuwa pesa, kila msimu kununua pakiti mpya agroveti inachosha, na mboga zingine kama mitoo hata kuzipata dukani ni bahati. Sababu ya pili ilikuwa hofu ya kutegemea mbegu chache zinazofanana. Wengi wao walikumbuka ule ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet 2011, ule unaokausha mmea mzima kuanzia majani ya juu, ukasambaa haraka kwa sababu karibu kila mbegu iliyokuwa sokoni haikuwa na nguvu ya kuukinga. Watafiti ilibidi wafungue kituo Naivasha 2013 wapime maelfu ya aina za mahindi, moja baada ya nyingine, watafute zenye kuvumilia. Na huwezi kuzipima kama hakuna mtu alizihifadhi.

Kenya iko na benki ya jeni ya taifa pale Muguga, si mbali na Nairobi, ilianza 1988 na inahifadhi sampuli karibu 50,000. Pale mbegu inakaushwa kwa chumba maalum hadi unyevu wake unashuka sana, inafungwa kwa pakiti za foili, inawekwa kwa friza za karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Kikundi kilijua hivyo, na kilitaka kitu kama hicho lakini cha mtaani, chenye mama anaweza kuingia na kutoka na kikombe cha kunde. Mimi naona walikuwa sawa kabisa kutaka hivyo, hizo benki mbili hazishindani.

Vile waliweka mbegu

Walijenga chumba cha mabati kwa ploti ya mwanachama, wakaweka shelfu, wakakusanya mitungi ya glasi ile ya jem na asali, wakaosha, wakajaza mbegu, wakabandika lebo. Kilipendeza sana kwa macho. Mbegu nyeusi, nyekundu, zenye madoa, zimepangwa mstari, mwanga ukiingia kwa dirisha unaona rangi zote. Wageni wakaanza kuja, wanafunzi, watu wa mashirika, watu wa kamera, na kila mgeni akija mtungi unafunguliwa, mbegu inamwagwa kwa mkono, picha inapigwa, inarudishwa.

Sasa angalia nini kilikuwa kinaendelea ndani ya hiyo mitungi. Mavuno ya mvua ndefu huku kwetu yanaangukia Juni hadi Agosti, na hiyo miezi Nairobi ni baridi na mawingu, jua linatoka saa nane linajificha saa tisa. Mbegu zilianikwa kwa turubai siku chache, zikashikwa zikaonekana kavu, zikafungwa. Kavu ya kushika kwa mkono si kavu ya kuhifadhi. Mbegu inapumua, na ikifungwa na unyevu wake kwa mtungi ndani ya chumba cha mabati bila siling bodi, chenye Januari na Februari mchana unachoma, inazeeka haraka sana. Kuna kanuni wataalamu wa mbegu wametumia tangu zamani: ukipunguza unyevu ndani ya mbegu kwa asilimia moja tu, maisha yake stooni yanaongezeka maradufu, na ukipunguza joto la stoo kwa nyuzi 5 yanaongezeka maradufu tena. Stoo yao ilikuwa inaenda kinyume kwa yote mawili, na kila picha ya mgeni ilikuwa inaongeza hewa mbichi ndani.

Halafu lebo. Ziliandikwa "kunde", "kunde nyekundu", "malenge ya mama fulani". Hakuna mwaka, hakuna mahali ilitoka, hakuna jina inaitwa huko kwao, hakuna vile inapandwa.

Kilichotokea Machi 2023

Mnakumbuka ule ukame, misimu mitano mfululizo mvua ilikosa sehemu kubwa za nchi, hadi mvua ya Machi 2023. Wanachama walipigiwa simu kutoka ushago, watu walikuwa wamekula mbegu, hawana cha kupanda. Kikundi kikaona hii ndiyo siku tulijenga benki kwa ajili yake. Wakafungua mitungi.

Maharagwe mengi yalikuwa na vitundu. Mdudu wa maharagwe huwa anaingia tangu shambani, anataga mayai kwa maganda ama kati ya mbegu, na mtungi uliojaa nusu una hewa ya kutosha yeye kuzaa vizazi kadhaa. Kwa zile zilizobaki nzima kijana mmoja alishauri wafanye jaribio kabla ya kumtumia mtu yeyote kitu, na hapo nampongeza, manake presha ya kutuma haraka ilikuwa kubwa. Wakahesabu mbegu 100 za kila aina, wakazipanga kwa serviet zilizoloweshwa, wakakunja, wakaziweka kwa karatasi ya nailoni wakasubiri wiki moja.

Terere (mchicha) ilimea vizuri. Njahi ilijitahidi. Managu (mnavu) ilikuwa mbili, ile iliyooshwa nyama yote ya tunda ikatoka ilimea, ile iliyokaushwa na tunda lake ilikuwa na ukungu. Mahindi yalimea chini ya nusu. Mrenda karibu hakuna, saga karibu hakuna, na kunde nyekundu hakuna hata moja.

Kwa mkutano kamati ikapendekeza kutupa mrenda, saga na kunde na kuanza upya. Mweka hazina alisema tusiaibike kupea watu mbegu maiti. Shosho, ambaye kwa mikutano huwa haongei sana, akauliza hiyo saga ilivunwa lini. Akaambiwa Januari. Akasema, "Wanangu, saga ya Januari mnaipima Machi? Hiyo bado imelala. Iacheni hadi jua lipite juu yake." Wengine walicheka kidogo, lakini mwenyekiti alisimamisha kura.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotupa kitu hadi ijulikane kama imekufa ama imelala, na kwa maoni yangu huo ndio uliokoa nusu ya benki. Saga ikivunwa mbichi huwa na usingizi wa miezi kadhaa, hata uimwagilie vipi haikujibu, na tena mwanga unaizuia kumea, na serviet zao zilikuwa zimewekwa dirishani. Wakaiweka ikae, wakapanga kuipima tena Septemba, safari hii kwa giza na mahali pa joto. Mrenda shida yake ni ganda gumu. Hiyo walifunga kwa kitambaa, wakaichovya kwa maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde chache tu, wakaitoa kwa maji baridi, wakaipima tena.

Wa pili, zile zenye uhai kidogo kama mahindi hazikurudishwa mtungini, zilipangiwa kupandwa mwaka huo huo. Mbegu yenye imeanza kudhoofika haipati nguvu kwa kungoja. Lakini mahindi yana mambo mawili. Chavua yake inabebwa na upepo, na majirani wote wanapanda haibridi. Pia huwezi kuokoa aina ya mahindi kwa mistari miwili, unahitaji mimea mia hivi kwenda juu, la sivyo baada ya vizazi vichache yanakuwa dhaifu. Kwa hivyo mahindi yalipewa mwanachama mmoja mwenye shamba nje ya mji, na akapanda wiki kama nne baada ya majirani ili maua yasikutane. Ilikuwa mvua fupi ya 2023, ile ya El Niño iliyonyesha kupita kiasi, kwa hivyo kuchelewa hakukumuumiza. Msimu wa kawaida hiyo mbinu ingekuwa hatari na lazima mtu ajue hivyo kabla ya kuiga.

Malenge walikuwa wamegundua tayari yamechanganyika. Hapa watu huwa wanadanganyika kwa sababu lenge la mwaka huu linakaa vile mama yake alikuwa, mchanganyiko uko ndani ya mbegu na utauona ukipanda mwaka ujao. Mtaani kila mtu anapanda butternut, na nyuki hajui mipaka ya ploti. Wakaamua kuchavusha kwa mkono. Jioni unaenda kutafuta maua ya dume na jike yenye yatafunguka kesho, utayajua ncha imeanza kugeuka manjano na jike ana kalenge kadogo chini, unayafunga ncha kwa uzi. Asubuhi mapema kabla nyuki hajaamka vizuri unakata dume, unatoa petali, unafungua jike, unapakaza chavua, unalifunga tena na kufunga kitambaa kwa kikonyo ili siku ya kuvuna ujue lenge la mbegu ni lipi na la kupika ni lipi. Wale vijana ndio walishika hii kazi na waliipenda kuliko kazi zote.

Wa tatu ni vile vya kukausha na kuweka. Walikuwa wamefundishwa jaribio la chumvi, ile unatikisa nafaka na chumvi kavu kwa chupa kavu na kama chumvi inashika kwa glasi basi bado ni mbichi. Hilo jaribio ni zuri kwa mahindi ya kula, lakini chumvi isiposhika bado unyevu unaweza kuwa karibu asilimia 14, na hiyo ni mingi sana kwa mbegu unayotaka kufungia kwa mtungi usiopitisha hewa. Kwa hivyo waliongeza hatua ya mchele. Unakaanga mchele bila mafuta kwa sufuria hadi ukauke kabisa, unauacha upoe ukiwa umefunikwa, unauweka chini ya ndoo yenye mfuniko unaobana, mbegu juu yake kwa kitambaa, unafunga wiki mbili hivi. Mchele unanyonya unyevu. Mwanachama mmoja ana bucha, akajitolea kona ya friza yake, mbegu zilizokauka tayari zikawa zinaingia huko siku kadhaa kuua wadudu na mayai yao. Lazima ziwe kavu kwanza, mbegu mbichi kwa friza inapasuka ndani kwa barafu na kufa. Na zikitoka haufungui mtungi hadi upoteze baridi yote, vinginevyo hewa ya nje inageuka umande juu ya mbegu.

Wa nne ulihusu sheria. Sheria ya mbegu ya Kenya ilikuwa inafanya kuuza ama kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa kuwa kosa, kifungo hadi miaka 2 ama faini hadi milioni 1. Wakulima walikuwa wamepeleka kesi mahakamani 2022 lakini ilikuwa haijaamuliwa. Kamati ikachagua njia ya kukopa ndani ya kikundi tu, unachukua kikombe kimoja, ukivuna unarudisha viwili, hakuna shilingi inapita. Walichagua hivyo kwa woga, lakini kumbe ndiyo njia iliyowafaa zaidi, na nitasema kwa nini.

Matokeo

Septemba saga ilimea, wengi wao, kwa serviet zilizowekwa gizani. Mrenda ulimea mara tu baada ya yale maji moto. Mahindi yalirudi, ingawa rangi moja ya yale mahindi, ile ya zambarau karibu nyeusi, sasa inaonekana mara chache sana. Malenge aina mbili zimesafishwa, ya tatu waliikubali ilivyo, ni tamu na majani yake ni mazuri lakini haitaitwa tena ile ya zamani.

Kunde nyekundu ilipotea. Ilikuwa kwa mtungi mmoja, ililetwa na mama mmoja kutoka upande wa Mwingi, na kwao ule ukame uliwafanya wakaipika yote. Waliuliza majirani wa huko, wakaletewa kunde zingine nyekundu, lakini mama mwenyewe alizipika akasema si zenyewe, hizi zinachelewa kuiva kwa moto, na ile shambani ilikuwa inakomaa kabla mvua kuisha. Muguga kuna kunde nyingi, lakini bila kuandika kijiji, jina la kienyeji na tabia yake, utajuaje ni gani?

Uchambuzi

Sababu kubwa ya shida, kwa maoni yangu, ni kwamba mbegu ilihamishwa kuja mjini na desturi ya kuitunza ikaachwa kijijini. Kule ushago mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya jiko, moshi ukafukuza wadudu na joto likakausha, na kila msimu yalipandwa, hakuna mtu alitegemea yakae miaka mitatu. Kunde ziliwekwa na majivu kwa kibuyu. Hapa Nairobi tunapika na gesi kwa nyumba ya chumba kimoja. Ukichukua mbegu bila moshi na bila kupandwa kila mwaka, ukaifungia glasi, umeitoa kwa mfumo wake wote na hujaipa mwingine. Mchele na friza ya bucha vilifanya kazi kwa sababu vilijaza nafasi ya ule moshi.

Nakala moja ni hatari, na hii hata wakubwa wanajua. 2008 ile hazina ya mbegu ya Svalbard kule Norway ilipofunguliwa, Wangari Maathai mwenyewe alikuwa pale akiingiza sanduku la kwanza pamoja na waziri mkuu wa Norway, na kazi ya ile hazina yote ni kushika nakala za benki zingine ikitokea vita, moto ama friza kuharibika. Kama benki za nchi zinaweka nakala mbali, kikundi cha mtaa hakiwezi kutegemea mtungi mmoja kwa shelfu moja. Na hapa ndipo ile kukopa ilisaidia, kwa sababu kila mkopo ni nakala mpya kwa nyumba nyingine, kwa ploti nyingine, imepandwa, inapigwa na jua la mwaka huu na wadudu wa mwaka huu. Mbegu ya friza inabaki vile ilikuwa, ya shambani inaendelea kuzoea mazingira. Tunahitaji zote mbili.

Jambo lenye lilichelewa kuonekana, na naona ndilo gumu zaidi, ni pesa ya mama mboga. Saga na managu unazivuna kwa kuchuma majani kila wiki, na ukitaka mbegu lazima uache mmea uende juu, utoe maua, ukomae. Mmea ulioachwa hauleti chapaa. Kwa hivyo wamama walikuwa wanachuma ile mimea mizuri hadi mwisho, halafu mbegu wanachukua kwa ile midogo iliyobaki pembeni, ama ile iliyokimbilia maua mapema sana. Ukifanya hivyo misimu kadhaa unachagua mboga mbaya bila kutaka, majani yanazidi kuwa madogo na mmea unatoa maua kabla hujachuma mara tatu, na watu wanasema mbegu imechoka. Hiyo ni kazi ya mikono yetu. Dawa yao ilikuwa uzi mwekundu: mapema, kabla ya kuanza kuchuma, mnapita shambani wawili wawili, mnafunga uzi kwa mimea iliyo mizuri zaidi, mingi si mmoja mmoja, na yenye uzi haiguswi na mtu. Chama kinamlipa mwenye ploti kitu kidogo kwa ile mimea, kutoka kwa michango. Hiyo malipo ilizua kelele kwa mikutano miwili, wengine wakisema mbona tulipane kwa mboga, lakini bila hiyo hakuna mama mwenye kodi ya nyumba ataacha uzi ukae.

Kuhusu rejista, sasa kila mbegu ina ukurasa na shosho ndiye anahojiwa na kijana mmoja anaandika. Inapandwa lini, inalala muda gani, inapikwa vipi, ilitoka kwa nani na kijiji gani. Walianza na zile wazee wake wamebaki wachache. Ningependa wangefanya hivi 2019, kabla ya kununua hata mtungi mmoja, na kikundi chochote kinaanza leo kianze hapo. Lakini hata hii bado haijakaa sawa, kuna kurasa nyingi zina jina la mbegu tu, na wamama wengine wanaona kuhojiwa ni kama mtihani.

Wageni bado wanakuja. Kuna mitungi ya maonyesho imewekwa kando na mbegu za zamani zenye hazimei, hizo ndizo zinafunguliwa na kupigwa picha, na mbegu hai ziko kwa vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja cha kupanda mara moja, ili ukifungua kimoja husumbui vingine.

Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vile vifungu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kuuza na kubadilishana mbegu zake vinakiuka katiba. Kikundi kilishangilia, na mara moja mjadala ukaanza: tuuze? Vijana wanataka kupakia pakiti na kuuza soko la Kangemi na kwingine kwenye mboga za kienyeji zinaenda haraka. Wamama wazee hawataki. Mimi nimewaambia msimamo wangu wazi: hakuna aina inauzwa hadi iko kwa nyumba tatu zinazoipanda na kwa friza, na mkopo wa mwanachama unatangulia mteja. Terere na njahi zimefika hapo tayari, hizo wauze hata kesho. Saga bado iko kwa nyumba mbili.